Sura ya Tano: Kurasa za Kulia

"Nani alitoa kopi hizi?"

Inspekta Hajra Msabaha hakusalimia. Mtu mzima, mzaliwa wa Bagamoyo, aliyefunzwa tangu utoto kumjulia mtu hali yake, ya mkewe na ya wanawe kabla ya kumwuliza hata saa, aliingia ofisi ya upelelezi saa tatu kasorobo asubuhi, akalibwaga jalada mezani na kuanza na swali hilo. Sajenti Mikdad alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Alisimama nalo mkononi.

"Shikamoo, afande. Nimetoa mimi."

"Marahaba. Kopi tatu tu?"

"Zile zinazohusika, afande."

"Daftari zima lina kurasa ngapi?"

Mikdad aliliangalia lile yai. "Sikuzihesabu."

"Hukuzihesabu! Unampeleka mtu kizimbani kwa mauaji, na daftari lenyewe hukulihesabu kurasa. Kula yai lako, Sajenti, maana leo hutakula tena."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bi Vimla, mjane wa miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alikufa nyumbani kwake Mji Mkongwe wa Bagamoyo Ijumaa ya wiki mbili zilizopita. Alitokwa jasho jingi, akatetemeka, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akazimia, basi. Daktari alimpima sukari akakuta imeshuka mno, na mama huyo kisukari hakuwa nacho. Alikuwa na presha tu. Damu ikachukuliwa kabla familia haijauchoma mwili kwa desturi yao ya Kihindu. Majibu yalitoka juzi Jumatatu: damuni mlikuwa na dawa ya kushusha sukari, na vidonge vilivyomo kwenye chupa yake ya presha vilikuwa vya sukari vyote, hata kimoja cha presha hakikuwamo.

Siku hiyohiyo Mikdad akaenda kumkamata Zuwena, mfanyakazi wa ndani, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpa mama wa watu dawa kila asubuhi. Akapekua chumba chake. Chini ya godoro akakuta daftari, na alipolisoma alitoka uani akicheka peke yake.

Leo saa nane mchana Zuwena angesomewa shtaka la mauaji. Mauaji hayana dhamana. Akishasomewa, anaingia mahabusu, na huko Hajra aliwajua wanawake walioingia na nywele nyeusi wakaota mvi wakisubiri upelelezi ukamilike.

"Nisomee hizo kopi."

Mikdad alizisoma kwa raha, maana alizijua kwa moyo. "'Alitia sumu ndani ya kikombe bila mtu kumwona.' Hiyo ya kwanza. 'Nimedhamiria kummaliza Bibi Kizee kabla hajasema.' Sikia hiyo, afande! Na hii: 'Wakiniuliza, kisingizio changu ni kwamba nilikuwa sokoni.' Mwandiko ni wake, mwenyewe kakiri. Sumu imo, nia imo, uongo wa kujitetea umo. Miaka tisa kazini sijaona mtuhumiwa aliyejimaliza mwenyewe namna hii."

"Na hilo halikukutia wasiwasi?"

"Lipi, afande?"

"Kwamba hujaona. Nataka daftari lenyewe. Na chupa."

Ilichukua nusu saa, kwa sababu mtunza vielelezo alikuwa amekwenda kunywa chai na ufunguo mfukoni. Hajra alizunguka ofisini akihesabu dakika kwa sauti. Hatimaye vilipoletwa, vililetwa pamoja ndani ya mfuko mmoja wa nailoni, bila lakiri wala karatasi, mithili ya vitumbua. Mikdad akatia mkono kuitoa chupa.

"Weka chini! Weka! Na vidole vyako vitupu? Mungu wangu, nani aliwafundisha kazi nyinyi?"

Chupa ilibaki mezani. Hajra aliisogeza kwa kalamu. Plastiki nyeupe, kifuniko cha kijani, ubavuni haina karatasi yoyote.

"Dawa ilikuwa ikinunuliwa wapi?"

"Duka la dawa la hapa mjini. Mtoto wa marehemu, Hardik, ndiye anayelipia."

Hajra alipiga simu dukani palepale. Muuzaji alikumbuka bila kufikiri: Bi Vimla alikuwa mtu wa taratibu, haipokei chupa mpaka ibandikwe karatasi yenye jina lake na maelezo, viwili kila asubuhi, yaandikwe kwa herufi za kusomeka. Kifuniko? Cheupe. Vya kijani hawana na hawajawahi kuwa navyo.

"Umesikia?" Hajra alikata simu. "Hii chupa haikutoka dukani. Mtu kaichukua ile akaweka hii. Simu moja, Sajenti. Dakika mbili."

"Basi kaibadilisha Zuwena."

"Huenda. Tuone."

Alivaa glavu akalifungua daftari. Mistari ya penseli, herufi kubwa zilizokazwa. Kila ukurasa wa kushoto ulikuwa na neno lililopigiwa mstari na sentensi chini yake. Hizo ndizo Mikdad alizotolea kopi. Kurasa za kulia zilikuwa na tarehe, na sentensi nyingine kabisa. Kote, kushoto na kulia, palikuwa na alama za wino mwekundu ambazo kwenye kopi zilitoka nyeusi kama mengine yote. Hajra alisoma ukurasa mmoja wa kulia. "Leo paka wa jirani amemnyemelea kuku wetu nikampiga kwa kandambili." Pembeni, kwa wino mwekundu: "Safi."

"Hizi za kulia hukuzisoma?"

"Nilizisoma, afande. Upuuzi mtupu. Paka, mafundi wa bomba, nani kapita na nini."

Hajra alitia sahihi ya kulichukua daftari, akaenda kumwona mtuhumiwa.

Zuwena alikuwa na miaka thelathini na minane, mtu wa Makurunge, mfupi, khanga kajifunga kwa nguvu kiunoni. Alikaa kwenye benchi, mgongo kaunyoosha. Sahani ya ugali ilikuwa mbele yake haijaguswa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Mbona huli?"

"Sili chakula cha watu wanaoniita muuaji."

Hajra alivuta kiti. "Shule ulifika darasa la ngapi?"

"La pili. Mama akafa, nikabaki nyumbani kulea wadogo zangu. Nilikuwa najua kuandika jina langu, basi. Mama ndiye aliyenifundisha."

"Si umesema alikufa?"

"Mama Vimla!" Zuwena alipaza sauti. "Mwaka mmoja na miezi miwili alinifundisha. Alisema vitabu vya darasa la kwanza humdhalilisha mtu mzima, atakaaje anasoma habari za mpira wa Juma. Akanitolea vitabu vyake vya hadithi za upelelezi, vile vya watoto, alivyokuwa akiwasomea wanafunzi wake. Nikianza siwezi kuacha. Nataka kujua nani kaiba. Neno nisilolijua nalipigia mstari, namwuliza, nanakili sentensi yake ya kitabuni upande wa kushoto. Kulia naandika yangu kwa neno lilelile."

"Ya kubuni?"

"Thubutu! Mama hakutaka za kubuni. Lazima kiwe kitu nilichokiona siku hiyo kwa macho yangu. Alisema neno ukilifunga kwenye jambo uliloliona, halikutoki. Jioni namwekea daftari mezani, asubuhi ananirudishia amelisahihisha."

"Na haya ulimwambia Sajenti?"

"Nilimwambia yote. Akaniuliza mtu wa darasa la pili neno kudhamiria nimelitoa wapi. Nikamwambia kitabuni. Akacheka, akasema vitabu vya watoto havina sumu. Akasema nina maneno mengi mno kwa mfanyakazi wa ndani."

Hajra aliuma meno. Alijilazimisha kurudi kwenye maswali. "Siku ya mwisho uliandika lini?"

"Alhamisi. Ijumaa asubuhi Mama akanirudishia, nikalisukuma chini ya godoro nikakimbilia jikoni. Nilimpa vidonge vyake viwili. Ijumaa huwa amefunga, hali kitu mpaka mchana. Saa nne jasho likaanza. Tangu hapo sijalifungua. Nilifungue nimwonyeshe nani?"

"Alhamisi nani alikuja nyumbani?"

"Hardik, mchana. Waligombana mpaka jirani akachungulia. Na Bwana Abdulazizi, dalali wa shamba, jioni kama kawaida yake."

"Waligombania nini?"

Zuwena akaisukuma ile sahani ya ugali mpaka ukingoni mwa meza.

"Afande, nisamehe, sisemi tena. Tangu juzi kila ninachosema kinaandikwa na mtu mwingine, na nikisomewa si nilichosema. Unalo daftari. Nilichokiona mwaka mzima kimo humo, kwa mkono wangu. Soma wewe. Upande wa kulia."

Hajra alitazama saa. Saa nne na nusu. Ugomvi na mtoto, siku moja kabla ya kifo. Na huyohuyo mtoto ndiye anayelipia dawa. Alimwita Mikdad aendeshe gari, na njia nzima hakumsemesha.

Hardik alikuwa kibarazani kwa mama yake, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hajanyoa tangu msiba. Alipowaona alisimama.

"Muuza dawa kanipigia simu, kumbe mnataka kumwachia! Kweli? Mama yangu kachomwa moto, majivu yake bado yamo ndani, na nyinyi mnataka kumwachia!"

"Kaa chini, Bwana Hardik."

"Sikai!"

"Basi simama. Alhamisi uligombana na mama yako."

"Ndiyo. Nani kakwambia? Zuwena? Nilitaka ahamie Dar kwa dada yangu. Miguu haimbebi, ngazi hizi zitamwua. Nikapiga kelele. Ni mama yangu, nani wa kumpigia kelele kama si mimi?"

"Uligusa dawa zake?"

"Mimi?" Uso ulimwiva. "Mimi nanunua, mpokeaji Zuwena. Alhamisi sikuvuka hata mlango wa sebule, waulize majirani, nilikuwa hapa kibarazani nabwata kama mwendawazimu. Saa nane nikarudi dukani na wateja wananisubiri, nimefunga saa moja jioni. Andika!"

"Nitaandika. Zuwena alifundishwa kusoma na nani?"

Hardik akacheka kicheko kibaya. "Na Mama, na nani mwingine? Kila asubuhi! Mimi nakuja kunywa chai na mama yangu, yeye kavaa miwani, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha daftari la mfanyakazi. Ananiambia subiri. Mtoto wake wa kumzaa, subiri!"

Hajra aliweka kalamu chini. "Ulijua daftari lile ni la masomo."

"Nani asiyejua?"

"Sajenti huyu alipokuonyesha zile kopi, ukajua ni sentensi za masomo, na hukusema?"

"Sikuulizwa."

"Hukuulizwa!" Hajra alisimama, na sauti yake ilifika barabarani. "Mwanamke anakwenda kuozea mahabusu, na wewe jibu unalo mdomoni, unangoja uulizwe? Kwa sababu mama yako alimpa yeye saa moja ya asubuhi zake? Huna haya wewe, wallahi huna haya! Na wewe, Mikdad, usiangalie chini, hukumwuliza! Vitabu viko wapi?"

Hardik aliingia ndani, akatoka na katoni ya biskuti. Ndani mlikuwa na vitabu kumi na kimoja, vyembamba, vyenye picha, majalada yamebandikwa gundi upya. Hajra alikaa sakafuni, akamkalisha Mikdad mbele yake na daftari katikati yao.

"Wewe utanisomea kushoto. Mimi nitatafuta. Anza."

Haikuwa kazi ngumu, na hilo ndilo lililozidi kumtia hasira. Penseli ya Zuwena ilikuwa imepigia mstari kila neno mle vitabuni, kwa mpangilio uleule wa daftari. Kitabu cha kwanza, ukurasa wa sita: sumu ndani ya kikombe, mpishi wa hoteli ndiye anayeitia. Ukurasa wa kumi na mbili: kisingizio changu ni kwamba nilikuwa sokoni, huyohuyo mpishi. Nukta kwa nukta, neno kwa neno.

"Nimedhamiria kummaliza Bibi Kizee kabla hajasema," Mikdad alisoma, na sasa hakuisoma kwa raha.

Hajra aliufikia ukurasa, akakigeuza kitabu ili naye aone picha. Palikuwa na kasuku wa kijivu, kasimama juu ya friji ya hoteli.

"Huyu ndiye Bibi Kizee, Sajenti. Kasuku. Kasikia siri ya mpishi, mpishi anaogopa atairudia mbele ya wageni. Kesi yako ya miaka tisa ni ya kasuku."

Hardik, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akatazama ukuta.

Waliendelea. Kitabu cha pili, cha tatu, cha nne. Hajra sasa alikuwa akisoma kurasa za kulia mwenyewe, kimya, moja baada ya nyingine. Fundi bomba amesahau bisibisi yake. Mvua imenyesha nguo ziko nje. Bwana Hardik amekuja, hakunywa chai, amekasirika. Kila jambo na tarehe yake. Ndipo akaufikia ukurasa wa mwisho, wa Alhamisi. Neno kushoto lilikuwa kificho. Sentensi ya kitabuni: "Mwizi aliingia ghalani kwa kificho." Akasoma ya kulia.

"Leo jioni Bwana Abdulazizi amefungua kabati kwa kificho. Ametia chupa ya dawa ya Mama mfukoni ameweka nyingine ya kifuniko kijani."

Chini yake palikuwa na mstari mmoja wa wino mwekundu. Hajra aliusoma mara mbili. Alipovuta pumzi, Mikdad alidhani anataka kumtukana, akarudi nyuma. Lakini aliuziba mstari ule kwa kiganja, akampa Mikdad asome sentensi ya juu.

"Soma kwa sauti. Bwana Hardik naye asikie."

Mikdad alisoma. Hardik akashika mwimo wa mlango.

"Abdulazizi ni nani hasa?" Hajra alimwuliza.

"Dalali... anamsimamia Mama shamba la Mapinga." Sauti ya Hardik ilikuwa imeshuka. "Mama hajafika huko miaka mitatu, magoti. Juzijuzi kasikia kuna watu wanajenga ndani ya mipaka yake. Jumatatu iliyofuata kifo chake alikuwa aende kujionea, na hati mkononi."

"Abdulazizi alijua?"

"Yeye ndiye aliyekuwa ampeleke. Kwa gari lake. Alikuja hapa msibani kila siku. Alilia kuliko mimi. Mimi ndiye niliyemwambia aketi karibu yangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwake Zinga. Kasema kesho anasafiri kwenda Tanga."

Hajra alikuwa ameshasimama.

Saa saba na robo walikuwa kituoni. Gari la kuwapeleka washtakiwa mahakamani lilikuwa limeegeshwa mlangoni, na jina la Zuwena lilikuwa la tatu kwenye orodha. Hajra alilichukua jalada kutoka mikononi mwa konstebo bila kuomba.

"Hili haliendi."

"Afande, lilishapitishwa..." Mikdad alianza, kwa mazoea tu.

"Na nani? Na wewe?" Aliweka daftari mezani, akalifungua. "Tazama wino huu mwekundu. Mwandiko wa nani?"

"Wa marehemu."

"Kila ukurasa kausoma marehemu. Ile ya sumu kaitia alama ya vyema. Ile ya kummaliza Bibi Kizee kaandika 'herufi d igeukie kushoto'. Sasa wewe niambie, Sajenti, muuaji gani anampelekea mtu mpango wa kumwua, amsahihishie, kisha asubuhi anakwenda kuchukua alama zake? Yupo duniani?"

"Hayupo, afande."

"Ulimwona mwanamke wa jikoni anajua neno kudhamiria, ukaona hilo ndilo kosa. Ndiyo upelelezi wako wote huo. Angekuwa mke wa mkubwa ungesema kasoma." Alimkodolea macho mpaka Mikdad akainamisha kichwa. "Chukua watu wawili. Zinga, kwa Abdulazizi. Nataka gari lake lipekuliwe, nguo zake, hati zote za shamba la Mapinga, na chupa yoyote ya dawa yenye kifuniko cheupe. Kwa glavu! Hii ya kijani inakwenda kupimwa alama za vidole, na omba Mungu vya kwako visiwe vimefuta vya kwake. Kabla hujaondoka, mlete Zuwena. Mletee na kiti, si benchi."

Zuwena aliletwa. Hajra alimwambia yote kwa maneno machache: shtaka limeondolewa, dawa ilibadilishwa, ni Abdulazizi, na sasa yeye Zuwena ndiye shahidi aliyeona. Zuwena hakushukuru. Alisikiliza huku akimtazama Mikdad, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ilikuwa dawa?" aliuliza. "Ile chupa? Huyu aliniambia sumu. Sumu, sumu, umetia wapi sumu. Angeniambia dawa ningemwambia palepale! Nilikuwa nafagia ukumbini, nimemwona kwa mlango uliokuwa wazi. Nilidhani kamletea mpya."

"Nisamehe, dada," Mikdad alisema.

"Sikusamehe. Siyo leo."

Mikdad alitoka. Hajra alibaki na daftari mapajani. Sheria ilikuwa wazi: shahidi lazima akitambue kielelezo chake, akione chote, aseme ni chake. Alitafuta namna ya kuliahirisha, hakuipata. Aliufungua ukurasa wa Alhamisi, akauweka mbele ya Zuwena, na safari hii kiganja hakukiweka.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Wangu."

"Na huo mwekundu hujausoma."

"Nimekwambia sijalifungua."

Zuwena aliinama, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma kwa sauti, taratibu, kama alivyozoeshwa. "Mwandiko... mzuri sana, Zuwena. Lakini... usiige vitabu. Andika... ulichokiona."

Kidole kilirudi mwanzo. Alisoma tena, kwa kasi zaidi.

"Hakuniamini."

"Alidhani..."

"Najua alidhani nini!" Zuwena alilipiga daftari kwa kiganja, meza ikatikisika. "Miezi kumi na minne! Nimemwandikia paka, nimemwandikia mvua, nimemwandikia bisibisi ya fundi bomba, kweli tupu, sijamdanganya hata herufi. Siku moja nimemwandikia jambo zito, kaona nimeota! Kaona hadithi! Kaandika mwandiko mzuri, kavua miwani, kaninyooshea mkono nimpe vidonge! Nami nikampa! Mama, ah, Mama, mtu mzima ovyo wewe!"

Alikuwa amesimama, anahema, machozi yakimtoka kwa hasira na yeye hayafuti.

"Zuwena. Kwa nini hukumwambia kwa mdomo?"

Hajra alijuta alipokuwa bado anauliza. Lakini swali lilikuwa la lazima. Wakili wa Abdulazizi angeliuliza siku ya kwanza.

Zuwena alikaa.

"Kwa sababu nilikuwa natafuta sentensi," alisema. "Tangu asubuhi nilikuwa sijaona kitu cha kificho. Huyu bwana alipofungua kabati nikafurahi, nikasema hiyo nimepata. Nikakimbia kuiandika kabla haijanitoka. Nilitaka aisome mwenyewe. Nilitaka aone neno nimeliweza."

Hajra alivuta karatasi za maelezo ya shahidi kutoka droo, akachomoa kalamu mfukoni, akaandika jina la kituo juu. Mkono wa Zuwena ulikuja ukaishika ile kalamu katikati.

"Naandika mwenyewe."

"Ni marefu. Utachoka."

"Nipe."

Hajra akaiachia. Nje injini ya gari la kwenda Zinga ilikuwa ikiunguruma, na Mikdad alipiga honi mara moja kuuliza kama afande anakuja au haji. Zuwena aliisogeza karatasi, akaandika tarehe, akakaza kalamu mpaka ikakaribia kutoboa, kisha akaanza: "Mimi sikuiga. Niliona."